Taa ya Wifi

Wifi yangu haji mpaka apige simu. "Kesho saa sita nipo kwako," anasema, halafu anakata. Haulizi kama upo, haulizi kama una shughuli. Na sisi tulioolewa tunajua maana ya simu ya namna hiyo. Dada wa mume anakuja, na dada wa mume ana macho. Basi siku ile niliamka na ndoo na brashi, nikasugua sakafu mpaka magoti yakawaka moto, nikafuta meza, viti na vioo vya madirisha, nikatandika vizuri, nikajitandika na mimi. Alipoingia nyumba ilikuwa inanukia sabuni. Mtoto wangu anaumwa, nami nahangaika na vumbi ili wifi asipate pa kunisema. Cheka ukitaka.

"Tuzibe madirisha," aliniambia, hata salamu hajamaliza.

Tukaziba kwa mablanketi. Nje jua la mchana, ndani giza na joto la kukaanga watu. Akavaa glavu na barakoa, akatoa mkobani chupa ya kupulizia na taa yenye mwanga wa zambarau. Ndiyo kazi yake. Yuko maabara, wanapima metali zenye sumu juu ya vitu, kuanzia midoli ya watoto mpaka rangi za kuta. Kwanza alitoa kadi aliyoisugulia kipande cha risasi, mojawapo ya metali hizo, akaipulizia dawa yake, akaimulika. Kadi ikawaka kijani. Si kijani cha mchezo, kijani cha kung'aa, kama jani bichi lililopigwa na jua.

"Unaona? Dawa ni nzima," alisema. "Risasi ikiwepo juu ya kitu, hata vumbi lake usiloliona kwa macho, ioni zake zinashikana na dawa hii, na ukizimulika zinatoa rangi hiyo. Pasipokuwa na risasi hapawaki. Dawa haina upendeleo."

Aliposema haina upendeleo alinitazama mimi.

Nieleze tulifikaje huko. Mwanangu ana miaka mitatu. Watu walimbandika jina la Chiriku, maana alikuwa akifungua macho tu, anaanza. Anaongea na kijiko, anaongea na mlango, anamgombeza paka wa jirani kwa kutoitika salamu. Jirani alinitania kwamba siku mtoto huyo akinyamaza mtaa mzima utadhani umeme umekatika. Basi akanyamaza. Kwanza alikataa chakula, akashika tumbo, tukasema minyoo. Halafu akawa anajikwaa kwenye sakafu isiyo na kitu. Halafu maneno yakaanza kumtoka moja baada ya jingine. Leo hasemi maji, ananyoosha kidole. Kesho hasemi viatu. Nilikuwa namshika mashavu namwambia, sema mama, sema maji, naye ananitazama kama mtu aliyesahau kitu na anajua kwamba amekisahau. Mimi nimezaa, nimefiwa na wazazi, nimeugua. Sijapata kuumia kama nilivyoumia kwa jicho lile.

Daktari wa watoto alimtoa damu. Majibu yalipotoka alituita mimi na mume wangu, akafunga mlango. Akasema ni risasi. Si ya bunduki, bali ile metali laini ya kijivu. Imejaa kwenye damu ya mtoto na sasa imeanza kumshambulia ubongo.

"Ameipata wapi?" mume wangu aliuliza.

"Hilo mtanijibu ninyi," daktari alisema. "Dawa ya kuitoa ipo. Lakini siwezi kumwanzishia huku bado anaimeza kila siku, kwa sababu dawa yenyewe inaweza kumfanya aifyonze zaidi. Kitafuteni chanzo, kiondoeni, nianze matibabu. Na msijivute. Ubongo wa mtoto ukiharibiwa na kitu hiki, kuna sehemu hairudi tena."

Hapo sote tulimgeukia mume wangu. Ni fundi rejeta. Kutwa anainamia rejeta za magari, anayeyusha lehemu ya zamani kwa moto, anaisugua kwa brashi ya waya, anatia nyingine. Na lehemu ya zamani ina risasi tele. Daktari akampa masharti. Nguo za kazi ziishie kazini, aoge hukohuko gereji, viatu visivuke kizingiti cha nyumba. Mume wangu, jamani, akiambiwa fanya, anafanya. Alioga gereji mpaka wenzake wakaanza kumwita bwana harusi. Alisugua kucha kwa brashi ya meno. Wifi alikuja akapulizia viatu vyake vya nyumbani, nguo zake, akamfuta viganja kwa pamba na kuipulizia ile pamba, maana watu wenyewe hawapuliziwi. Giza tupu, hakuna kilichowaka. Mikono ya fundi rejeta ilikuwa safi kama ya mganga.

"Basi si kwa kaka," wifi alisema. Nami nilifurahi, mjinga mimi. Sikujua kwamba akishatoka kaka anabaki nani.

Kwa hiyo siku ile ya mablanketi alipulizia nyumba yangu chumba kwa chumba. Kuta, fremu za madirisha, sufuria, vikombe, bomba la maji, kitanda cha mtoto na mto wake, midoli yote. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye barakoa. Mimi nilimfuata nyuma nikiwa nimembeba Chiriku mgongoni, na kila alipowasha taa moyo ulinilipuka paa. Waka, nilikuwa namwambia ukuta. Waka basi, tujue moja. Hakukuwaka kitu. Tulifungua madirisha tukiwa tumelowa, na sote tulikuwa tunajua kilekile tulichokijua asubuhi.

"Haiwezekani," wifi alisema. "Mtoto hajipaki sumu mwenyewe. Wanja wako uko wapi?"

"Wanja wangu?"

"Lete wanja. Lete na mafuta yako ya kujipaka. Na hizo heleni."

Niliona aibu vipodozi vyangu vikipangwa juu ya meza kama vya mwizi aliyekamatwa. Alivipulizia vyote. Havikuwaka. Akauliza ninapikia nini, nanunua viungo wapi, mtoto anashinda na nani nikitoka. Nikamwambia sitoki. Akauliza kama nina uhakika. Weee! Damu ilinichemka.

"Sema unalotaka kusema," nilimwambia. "Unataka kusema nampa mwanangu sumu?"

"Nasema yuko na wewe kutwa nzima. Sijasema zaidi ya hapo."

"Na hilo ulilosema limetosha. Chukua taa yako."

Aliondoka. Lakini alipiga simu tena wiki iliyofuata, anakuja, na mimi mkaidi nikashika ndoo tena. Safari hii nilisugua mpaka nyuma ya kabati, nikachemsha vijiko. Akapulizia tena. Giza tena. Aliposhindwa kabisa alikaa chini sakafuni na glavu zake, akashika tama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anaogopa kama mimi. Sikumhurumia. Nilikuwa sina huruma ya kugawa.

Damu ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Daktari alitusomea akasita, akatusomea tena taratibu kama vile tatizo lilikuwa masikio yetu. Akasema ikipanda zaidi ya hapo mtoto ataanza kupata degedege, na kila degedege litaondoka na kitu. Nilirudi nyumbani nikatupa. Nilitupa sufuria, nikatupa vikombe vya rangi, nikatupa midoli yote pamoja na sungura wa kitambaa aliyekuwa analala naye. Chiriku alinitazama nikimtia sungura kwenye mfuko wa taka. Hakulia. Mtoto wa zamani angenitangaza mtaa mzima. Huyu alikaa tu, na mimi ndiye niliyelia.

Jioni mume wangu alikuja na dada yake. Walikaa upande mmoja, mimi upande wa pili, ndipo nikajua wameshakubaliana njiani.

"Mama Chiriku," mume wangu alianza, macho chini. "Mtoto akakae kwa shangazi yake kwa muda. Tuone kama damu itashuka."

"Na mimi?"

Mume wangu akamtazama dada yake.

"Nimeuliza, na mimi?"

"Wewe ubaki," wifi alisema. "Usije na nguo, usije na chakula, usije na chochote kutoka nyumba hii. Akiwa kwangu kila anachokigusa nitakijua. Wifi, si adhabu. Ni kutafuta."

Nilimwangalia mume wangu nikimngojea aseme neno. Huyu ni mwanaume aliyenibembeleza mwaka mzima nikubali kuolewa naye. Alikuwa anazipapasa ndevu zake tu, kama anavyofanya akishindwa. Nikasema maneno ambayo sitayarudia, nikamwita hivi, nikamwita vile, mwisho nikamfungasha mwanangu. Ningefanyaje? Kama sumu ilikuwa mimi, basi niondolewe mimi.

Wakamchukua. Nikabaki na nyumba isiyo na sufuria. Sikufagia, sikutandika. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda cha mtoto, namshutumu kila niliyemkumbuka, nikimaliza najishutumu mwenyewe. Labda ni maji ninayomchotea. Labda ni maziwa yangu aliyoyanyonya zamani. Mtu akichanganyikiwa anaweza kushuku hata kivuli chake. Mume wangu alikuwa akitoka gereji anaoga, anapitiliza kwa dada yake kumlaza mtoto, ndipo anakuja nyumbani. Mtoto hakuwa analala bila yeye, tangu akiwa mchanga. Nilimsubiri mlangoni.

"Amesema chochote leo?"

"Amelala vizuri."

"Sikuuliza kama amelala."

"Hajasema," alinijibu, akapita.

Siku moja mchana mlango ulifunguliwa bila simu, bila hodi. Wifi. Koti la maabara bado liko mwilini, kiatu kimoja kamba imefunguka. Alinikuta sijaoga, vyombo vichafu viko karibu na miguu yangu. Hakuvitazama hata kidogo.

"Amepata degedege," alisema. "Yuko wodini, wamelituliza, anapumua. Kaka yuko naye." Halafu akashindwa, akashika fremu ya mlango. "Wifi, wamepima damu. Imepanda. Kwangu! Imepanda akiwa kwangu."

Nataka niseme kwamba niliwaza mwanangu kwanza. Nilimwaza, ndiyo. Lakini kabla yake, kwa muda wa kupepesa jicho, niliwaza: kumbe si mimi. Nikasimama.

"Twende kwako," nilimwambia. "Chukua hiyo taa yako."

Kwa wifi sikuwa nimeingia muda mrefu. Nyumba ya mtu msomi anayeishi peke yake na kazi nyingi. Loo! Vikombe vimejipanga dirishani na majani ya chai yameota ukungu, nguo kochini, makombo ya mkate mezani tangu sijui lini. Siku nyingine ningekufa kwa kicheko. Siku ile tulizibia madirisha kwa mashuka na makoti, tukakanyaga nguo zake, akajaribu kadi yake ikawaka, akaanza kupulizia. Dawa nyingine ilimwagika sakafuni. Jikoni hakuna kitu. Sebuleni hakuna. Mlango, bomba, meza, hakuna. Tukaingia chumba alichokuwa analala Chiriku. Kitanda kilikuwa kama alivyokiacha, shuka limejikunja, mto umebonyea. Akaupulizia mto, akawasha taa.

Mto ukawaka.

Sikupiga kelele. Niliuinamia tu. Pale mtoto alipokuwa anaweka mdomo palikuwa na doa la kijani la ukubwa wa kiganja chake, na pembeni yake, juu kidogo, pana doa jingine pana, limesambaa kama limepakwa. Tulisimama tukayaangalia yale madoa mawili yakitung'aria usoni.

"Mto nilinunua mpya," wifi alinong'ona. "Niliupima kabla hajaulalia. Ulikuwa safi, wifi, nakuapia, ulikuwa safi."

"Umewahi kuufua?"

"Nani? Mimi? Sina hata..." Akaishia hapo. Akaelekeza kidole kwenye lile doa pana. "Hapa analala nani?"

"Si unajua. Kaka yako anajilaza naye mpaka asinzie."

"Lakini kaka nilimpima! Mikono, nguo, viatu, kila kitu!"

Ndipo nikaona. Niliona kama vile mtu amewasha taa ndani ya kichwa changu. Mume wangu na mwanangu, ubavu kwa ubavu, mtoto amefumba macho, mkono mmoja umezama kwenye ndevu za baba yake, anazisokota, anazisokota, halafu vidole vilevile vinaingia mdomoni, anavinyonya, vinatoka, vinarudi kwenye ndevu. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu azaliwe. Nilikuwa nayaonea raha. Ndevu alizozifuga tangu ujana, anazipaka mafuta kila asubuhi kabla ya kwenda kuinamia moshi wa lehemu na vumbi la brashi ya waya, na jioni anasugua mwili mzima isipokuwa hizo, maana anasema sabuni inazikausha.

"Ndevu," nilisema. "Wifi, ndevu! Hukumfuta uso."

Na papo hapo sote tukakumbuka alipo. Yuko wodini. Yuko na mtoto.

Tukampigia simu. Haikupokelewa. Tukapiga tena na tena tukiwa tunakimbilia barabarani kutafuta teksi, wifi akiwa na chupa mkononi kama mwendawazimu, na kamba yake ya kiatu inaburuta. Tulipopata teksi nilimwambia dereva mtoto wangu anakufa. Hakuuliza swali, akakanyaga mafuta.

Njiani wifi alikuwa anajisemea peke yake, halafu akanigeukia. "Mto wa kwako mbona haukuwaka? Niliupulizia mara mbili. Kama ni ndevu, basi mto wa kwako ungewaka kabla ya wa kwangu."

Nikaikumbuka kamba ya kuanikia nguo.

"Ulipulizia mto wa wageni," nilimwambia.

"Wa wageni kivipi?"

"Ulipiga simu kwamba unakuja. Nikatandika mashuka ya wageni, nikatoa na mto wa wageni. Wa kwake ulikuwa na udenda, nikaufua, ukawa kwenye kamba. Kigoda chake nilikisugua. Vijiko nilivichemsha. Wifi, ningekuachaje ukute uchafu? Ungesema nini?"

Alitazama mbele kwenye kioo cha gari. Baada ya hapo alisema polepole, "Kazini hatumwambii mtu tunakuja. Hata siku moja. Tunaingia ghafla kusudi asifute. Kwako nilipiga simu kwa heshima." Akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima na koti lake jeupe. Nikamshika mkono. Ndiyo mara ya kwanza kumshika mkono kwa hiari yangu tangu niolewe.

Wodini tuliingia tukikimbia. Muuguzi alituzuia, tukampita. Kitanda cha mwisho, karibu na ukuta, mume wangu amejinyoosha pembeni ya mtoto kwa ruhusa ya wauguzi, maana mtoto alikuwa analia na hakuna mwingine aliyeweza kumnyamazisha. Simu yake ilikuwa chini inatetemeka yenyewe. Chiriku alikuwa amelala. Ngumi yake ya kulia imeshika ndevu. Vidole vya mkono mwingine viko mdomoni, na ulikuwa unaona midomo inavyofanya kazi, anavuta, anapumzika, anavuta.

"Mwache!" nilipiga ukelele. "Mwache! Toa mtoto! Ondoka!"

Alishtuka akakaa. Nilimnyakua mwanangu, nikamtoa vidole mdomoni, nikavifuta kwa gauni langu, kwa shuka, kwa mate, sijui kwa nini. Mtoto akaamka akalia. Wodi nzima ilitugeukia. Muuguzi anauliza kuna nini, mume wangu anauliza kuna nini, nami bado nafuta vile vidole. Wifi ndiye aliyefanya kazi. Alitoa pamba, akamfuta kaka yake kidevu kwa nguvu, pande zote mbili, akaipulizia, akajifunika shuka la hospitali yeye, pamba na taa.

"Kaka," alimwita akiwa mlemle ndani. "Njoo uone."

Akaingiza kichwa. Shuka lilikuwa jembamba. Hata sisi wa nje tuliuona ule ukijani.

Alipotoka humo hakunitazama mimi wala dada yake. Aliangalia mikono yake, ile aliyoisugua mpaka ikachubuka. "Nilikuwa namlaza," alisema. "Akizidi kuumwa, namlaza zaidi. Juzi nimekaa naye mpaka alfajiri." Akasema tena, "Nilikuwa namlaza tu." Halafu akaenda kusimama nje ya mlango wa wodi, hakuingia tena.

Daktari alianza dawa siku ileile. Mume wangu alinyoa ndevu zote, akanyoa kichwa, alitaka kunyoa hadi nyusi, dada yake ndiye aliyemzuia. Aliacha kazi ya gereji, hakurudi tena huko. Wifi alikuwa anamfuta uso kila asubuhi na kuipima pamba, mpaka siku haikuwaka, na siku iliyofuata haikuwaka, na hata hapo mume wangu aligoma kuja. Alikuwa ananiletea vitu kwenye geti la hospitali, ananikabidhi kwa mkono ulionyooshwa, anarudi nyuma. Nilimwambia sasa ni safi, dada yako mwenyewe amesema. Akasema hata mara ya kwanza dada yake alisema hivyohivyo.

Damu ya mtoto ikaanza kushuka. Daktari alifurahia namba zake. Nikamuuliza, na maneno? Akavua miwani. "Tusubiri," alisema. "Mwili unapona. Kuhusu maneno sikuahidi. Kuna watoto yanarudi, kuna watoto hayarudi."

Nilisubiri. Nilimwonyesha maji. Nilimwonyesha kijiko, viatu, dirisha. Wifi alimletea sungura mwingine wa kitambaa, akampa jina, akamuigizia sauti, mwanamke yule mkali, akirukaruka wodini kama kichaa. Chiriku alitutazama sote kwa adabu. Hakutamka hata silabi. Mzunguko wa kwanza wa dawa ulipoisha nilitoka nje getini nikamkuta mume wangu amekaa kwenye ukingo wa mtaro, nikamshika mkono, nikamwambia leo unaingia, la sivyo mimi na wewe tumeishia hapa. Sikuwa natania na aliona sitanii. Akasimama.

Hata mimi sura yake ilikuwa bado inanishtua. Kidevu cheupe kuliko uso, mashavu yameingia ndani, kichwa kinang'aa. Alitembea katikati ya vitanda kama mtu anayeogopa kuamsha watu. Wifi alikuwa kitandani anamlisha mtoto, akasogea. Mume wangu akasimama miguuni mwa kitanda. Akanyoosha mikono tu.

Chiriku alimtazama. Alimtazama kichwa, akamtazama kidevu, akaitazama ile mikono inayomjia. Akajivuta nyuma mpaka ukutani, uso ukajikunja, na kutoka kifuani kwa mtoto ambaye wiki zote zile hakutoa neno, ikatoka sauti:

"Baba!"

Mume wangu alipiga magoti palepale. Alidhani ameitwa. Lakini mtoto hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama nyuma yake, mlangoni, anamwita baba yake aje amwokoe na mtu huyu asiyemjua.

"Baba! Baba, njoo!"

"Mimi hapa," mume wangu alisema kwa sauti iliyopasuka. "Mwanangu, ni mimi." Mtoto alinyamaza kidogo aliposikia ile sauti, akaitafuta chumba kizima, huku na huku, akampita usoni, akarudi mlangoni, akazidi kulia. Mume wangu akainuka. Nilimwona anavyojikunja, anataka kutoka, asiendelee kumtisha.

Nikamkamata shati kwa nyuma. Mungu anisamehe, nilimkamata kwa nguvu zangu zote.

"Usiondoke," nilimwambia. "Simama hapohapo. Mwache aite."